Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: Siku ya kliniki si utoro

Ndugu Kamishna,

Kamwene, kama tunavyosalimiana huku Mufindi. Nafanya kazi katika kiwanda cha mbao Mafinga, na nina homa ya ini aina ya B ambayo imeshalitia ini makovu. Nakuandikia wewe kwa sababu maafisa kazi wako ndio wenye mamlaka ya kuingia viwandani na kuwaeleza waajiri sheria inataka nini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku hizo zinatosha. Mgonjwa anayehudhuria kliniki kila miezi mitatu, hata kila safari ikimchukua siku tatu, hafikishi siku 40 katika mzunguko mzima. Kinachotukwamisha ni karatasi. Mwajiri anataka ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa kazini, na daktari wa kliniki haandiki ED kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake, akapimwa, akachukua dawa na kuondoka. Anakuandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi, basi. Ukiipeleka kazini unaandikwa mtoro na siku inakatwa.

Na safari yenyewe si ya kwenda na kurudi. Vipimo vikubwa tunavifuata hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya. Unaondoka Mafinga siku moja kabla, Makambako, Chimala, Uyole, unalala kwa ndugu, maana ultrasaundi ya tumbo inataka ufike asubuhi hujala kitu. Mwenye makovu kwenye ini anatakiwa kupimwa hivyo kila miezi sita, ili saratani ikianza ionekane mapema. Kuna pia mpira wa kupitisha kooni kuangalia mishipa ya damu iliyovimba. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo daktari anatukataza kunyanyua magogo. Ukiomba uhamishiwe kuhesabu mbao au kukaa getini, unaulizwa kama kazi imekushinda. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri aangalie kazi mbadala kabla ya kumwachisha mgonjwa. Mimi bado sijakutana na msimamizi anayezijua.

Wenye maji tumboni kwa sababu ya ini wanapewa vidonge vinavyowapeleka kukojoa kila mara, na kuna wasimamizi wanaohesabu mtu kaenda chooni mara ngapi. Hilo linaniuma sana.

Utasema tuwaeleze waajiri. Ukieleza, kikombe chako kinatengwa, ingawa ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kushikana mikono. Unapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wengine watasema pombe ya ulanzi imekumaliza. Na kwa kuwa tenofovir, kidonge tunachomeza kila siku, hutumika pia kwa wenye VVU, anayekiona anajitungia lake. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa VVU au ulemavu, na imevitaja wazi. Homa ya ini haikutajwa.

Naomba utoe waraka. Useme kwamba kadi ya kliniki yenye tarehe na mhuri wa hospitali inatosha kwa siku hiyo na kwa siku za njiani, na kwamba msimamizi hana ruhusa ya kudai jina la ugonjwa. Usiwasahau vibarua. Huku wengi huajiriwa kwa siku, mwaka nenda mwaka rudi, kwa mwajiri yuleyule. Sheria inawapa likizo ya malipo wakifanya kazi kwa mwajiri huyo zaidi ya miezi sita kwa jumla ndani ya mwaka, lakini hakuna anayewaambia. Hao ndio wanaoacha dawa kwanza, na kuacha tenofovir ghafla kunaweza kuamsha virusi na kuliangusha ini kabisa.

Waraka ukitoka, Afisa Kazi aje nao Mafinga mwenyewe. Asiishie ofisini kwa mwenye kiwanda. Akae na wasimamizi wa zamu, kwa kuwa orodha ya watoro wanaandika wao.

Wako katika kazi,
Mfanyakazi wa mbao, Mafinga