Mjomba, ile karatasi uliyosoma kikaoni

Shikamoo mjomba.

Sikutaka kukujibu mbele ya wazee, ndiyo maana naandika. Naandika hadharani kwa kuwa koo nyingi za kwetu Kagera zina mgogoro kama huu wetu.

Ulisema mahakama ni ya Wazungu, mila ndiyo yetu, kwa hiyo dada hawezi kuuza kibanja, shamba la ukoo alilorithi. Kisha ukatoa mfukoni fotokopi iliyokunjwa mara nne, ukavaa miwani, ukatusomea kanuni ya 20: mwanamke aweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, haruhusiwi kuiuza.

Mjomba, tangu lini mila ikasomwa kwa miwani?

Karatasi ile ni Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoandika mila kuwa sheria. Na kabla ya hapo, mila za Wahaya zilishakusanywa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni, pamoja na mwenzake Hartnoll. Kitabu chao kilitoka 1945. Wazee waliulizwa, wakajibu, na majibu yao yakaishia kuwa vifungu. Mila aliyotusimulia babu ilikuwa mazungumzo: wazee wanakaa kutwa nzima, wanauliza nani ana watoto, nani katelekezwa, na uamuzi wa leo si lazima ufanane na wa mwaka juzi. Kifungu hakina masikio.

Sasa sikiliza ya Muleba, hukuhuku Kagera. Mwaka 1988 bibi mmoja, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Aliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akamshtaki, na mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo kwa kanuni hiyohiyo yako. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema kanuni hiyo inagongana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke auze kama auzavyo mwanamume. Ila akamwachia yule ndugu miezi sita airudishe ile 300,000, alikomboe shamba.

Umeona? Aliyeongea kama babu ni jaji.

Jumamosi nitakuja kikaoni, na dada naye atakuja. Aulizwe kwanza kwa nini anauza. Ile fotokopi iache nyumbani.

Mpwa wako.