Mzuie fundi kwanza

Bagamoyo, Jumapili jioni

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wazima, ni mikono yangu tu imechubuka kwa chokaa. Ujumbe wako ulinikuta Alhamisi nikiwa juu ya ngazi. Umeniambia plasta ya nyumba ya bibi hapo Pangani inabanduka, fundi kashapima, na Jumatatu ya wiki ijayo analeta mifuko kumi ya saruji. Nilishuka nikakaa barazani, kazi ikanishinda siku ile. Somo, nakuomba sana, mzuie kwanza.

Kuta za bibi ni matumbawe na chokaa. Jiwe lile lina vitundu kama sifongo: linakunywa mvua, linakunywa na unyevu wa ardhini, na kwetu pwani unyevu huo una chumvi. Plasta ya chokaa inayaachia maji yatoke polepole, jua likiwaka ukuta unakauka. Saruji inafunga. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inajaa, inalila jiwe. Nje ukuta unang'aa, ndani unageuka unga.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Ipo nyumba moja Mtaa wa India, ilipigwa lipu ya saruji ikapendeza mtaa mzima. Mwezi uliopita mwenyewe alituita. Fundi wetu mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasogea hatua, akagonga tena, sauti ikarudi tupu kama ya mtungi. Akachokonoa kwa ncha ya mwiko. Likaanguka pande la ukubwa wa sinia, na nyuma yake chumvi nyeupe imesimama kama sindano. Niliweka kidole kwenye jiwe kikazama mpaka kiungo cha pili. Mwenye nyumba alikuwa pembeni, kashika funguo zake, hasemi kitu.

Ijumaa nikaenda Kaole, kwenye magofu ya hapa jirani, na vijana wanaojifunza kazi. Msikiti ule unahesabiwa ni wa karne ya 13, hauna paa, mvua zote zinaunyeshea, na chokaa yake bado imeshikana na mawe. Sijui mara ngapi nimekwenda, lakini kila nikifika naishia makaburini. Unayakumbuka yale ya mnara, yenye mashimo ya mviringo palipopachikwa bakuli za Kichina? Vijana walitaka tarehe. Mimi nilikuwa nawaza bakuli. Imevuka bahari yote hiyo bila kupasuka, ikafika ndani kwa mtu, ikapakuliwa chakula au ikatunzwa, halafu siku moja mwenye nyumba akaitoa ikatiwe kwenye kaburi la mtu wake. Na fundi akaizungushia chokaa kwa kidole, taratibu, isivunjike. Karne zote hizo, na bado namwona amekunja uso.

Hiyo chumvi nayo haijanitoka akilini. Wageni wakija misheni huuliza mwili wa Livingstone ulilazwa wapi, tunawaonyesha mnara. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Akina Susi na Chuma na wenzao wakamtia chumvi, wakamwanika juani wiki mbili, wakamfunga, wakamchukua mabegani mpaka hapa, wakafika Februari 1874. Kwangu mimi habari kubwa ni mabega hayo. Siku hizi wageni nawatajia kwanza majina ya wabebaji, Livingstone baadaye.

Turudi nyumbani. Kabla ya plasta tazama maji yanakotoka. Panda juu uangalie paa linavuja wapi, kisha chini, udongo usiwe umepanda ukagusa ukuta. Bila hivyo hata chokaa bora itabanduka. Usikubali ukiambiwa chokaa haipatikani. Inachomwa huko huko Tanga, kwa mwamba wa aina ile ile uliotoboka mapango ya Amboni. Matumbawe ya baharini tuyaache, samaki wana haja nayo. Chokaa ikishamwagiwa maji ikachemka, iache pipani chini ya maji, ikikaa miezi ndiyo inalainika kama samli. Mchanga usiwe wa ufukweni, utaingiza chumvi upya. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tabaka jembamba, na magunia mabichi juu yake ikauke bila haraka. Ni kazi ya uvumilivu, na fundi wako atalalamika.

Mwambie pia asiguse boriti. Vyumba vya bibi ni vyembamba kwa sababu mti wa mkoko una urefu wake, na nyumba ikakatwa kwa kipimo cha mti. Na vidaka, vile vishubaka vya ukutani, asivizibe! Kile cha kulia, alichokuwa akiweka chetezo na kitabu chake cha hesabu za nazi, bado naona masizi yake nikifumba macho.

Nakuja Jumamosi. Nitapitia Msata, niunge basi la Muheza, nikifika magharibi unipokee. Nakuja na mwiko wangu na pipa dogo la chokaa iliyokaa tangu mwaka jana. Vile vipande vilivyokwisha kuanguka usivitupe wala usivifagie na takataka. Viweke kwenye kidaka, nitaanzia hapo.

Somo yako