Walimu wa kingereza, would sio kosa

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikera. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Mwanza, kaandika insha ya kivuko cha Kigongo enzi zile kabla daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2025, sasa alipoweka "drivers would sleep in their cars" mwalimu kaikata would kwa peni nyekundu na juu yake kaandika used to, eti would ni ya mambo yajayo au ya kuomba kitu kwa adabu. Jamani!

Mimi nauza spea Igoma sio profesa, lakini hili nalijua. Used to na would zote zinaeleza mambo yaliyokuwa yanajirudia zamani, ila would ina masharti. Lazima msomaji awe ashajua unaongelea enzi gani, ndo maana mtoto alifungua na "we used to cross by ferry" halafu ndo akashusha would zake, "the queue would grow", "women would sell us bananas through the window", na inasomeka vizuri kuliko used to, used to, used to kila mstari kama santuri iliyokwama.

Sharti lingine, would ya namna hii inataka kitendo, haitaki hali. Angeandika "my uncle would have a shop at Busisi" hapo mwalimu akate na mimi nampigia makofi, hiyo ni used to have, au had tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makosa yenyewe yanapita. Ukurasa huohuo kuna "we used to cross three times that week", ukishataja idadi kamili used to haikai, ni we crossed basi, kimewekewa tiki. Na chini yake "I was going to the lake every Saturday", unaona kabisa kawaza nilikuwa naenda akaishusha hivyo hivyo, wakati ni I went au I used to go, nayo tiki!

Wakimaliza hapo waangalie na maswali, ni "did you use to", ile d ya mwisho haiwekwi kwa sababu did imeshabeba wakati uliopita, mtoto akiiacha wasimkate maksi.

Mzazi,
Igoma, Mwanza