Nenda Lexington, mwanangu, lakini jezi usibadilishe

Louisville, 25 Machi 2024

Mwanangu,

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Jana nilipokuuliza kama ni kweli umenunua jezi ya bluu, ulijibu "Mama, ni mpira wa kikapu tu," ukahamia kwenye habari za baridi. Mdogo wako alikuwa amekwisha kunionyesha picha. Umesimama na wenzako, umevaa bluu ya Chuo Kikuu cha Kentucky cha kule Lexington, wapinzani wakubwa wa timu yetu nyekundu ya Chuo Kikuu cha Louisville, unacheka. Nimeitazama picha ile mpaka simu ikaisha chaji.

Kwanza nikupongeze tena, maana baba yako anasema mimi kila barua naanza na lawama. Kukubaliwa kusomea ufamasia si jambo dogo. Upande wangu na upande wa baba yako, wewe ndiye wa kwanza. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, wamama wakapiga vigelegele, nami nikalia mbele ya watu bila kuona haya. Najua pia kwamba Chuo Kikuu cha Louisville hakifundishi ufamasia, kwa hiyo usije ukadhani nakuzuia. Nenda. Mashuka nimeshaanza kukununulia. Ninachokikataa mimi ni ile jezi.

Najua utasema timu yenyewe imekwisha. Miaka miwili, mechi 12 walizoshinda na 52 walizopoteza. Huhitaji kunisomea hesabu hiyo. Zile za nyumbani, karibu zote nilikuwa pale uwanjani nyuma ya kaunta ninapouza bisi, mikono yangu inanuka siagi ya bisi, nasikia kelele zinavyopanda na zinavyokufa. Mtu aliye kwenye kaunta haoni mpira, lakini matokeo anayajua kwa miguu ya watu. Timu ikifanya vizuri, wanakuja mbio wakati wa mapumziko na kurudi mbio. Timu ikizidiwa, wanapita taratibu, makoti wameshavaa.

Kocha Kenny Payne alipoletwa mwaka 2022 mji mzima ulifurahi, na wewe ulifurahi kuliko mji. Mtoto wa nyumbani amerudi, alikuwamo kwenye kikosi chetu kilichochukua ubingwa wa vyuo wa nchi nzima 1986, nani atawajua hawa kuliko yeye? Halafu ikaja ile Novemba. Mechi tatu za kwanza zote zilipotea kwa pointi moja moja. Bellarmine, jirani zetu wa hapa hapa mjini, ndio walioanza kutufunga. Zikafika tisa mfululizo bila ushindi, na msimu ukaisha kwa ushindi 4 na vipigo 28. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani usiku, unakula bugali baridi bila kuongea.

Mimi sisemi wamekosea kumwondoa. Wamemwondoa tarehe 13, siku moja baada ya kufungwa 94 kwa 85 na North Carolina State, na hata yule anayempenda alijua siku hiyo inakuja. Kocha hupimwa kwa mechi. Lakini nyumba aliyokabidhiwa uliijua. Kesi ya madai ya kuwavuta wachezaji kwa pesa za siri, iliyoanza 2017, ilining'inia juu ya timu miaka mitano, hukumu ikatoka Novemba 2022, yeye akiwa ameshaingia. Kijana gani mwenye kipaji angekuja hapa bila kujua kama timu itaadhibiwa? Na bendera ya ubingwa wa 2013 iliposhushwa uwanjani mwaka 2018, wewe ndiye uliyenieleza mezani kwamba ubingwa unaweza kufutwa kwenye vitabu lakini watu waliouona wapo. Ulikuwa mtoto. Nililishika neno lile, nikawa nawaambia wateja kama langu.

Kilichoniuma ni yale uliyoandika kwenye kundi la familia usiku ule alipofukuzwa. Mtu mwenye umri wa baba yako unamwita hivyo? Shangazi yako yumo kwenye kundi lile, na wajomba walioko Uvira wamo. Sema ulinzi ulikuwa unavuja, sema wachezaji hawakujua wasimame wapi, sema kocha hakuiweza kazi, hata mimi nasema. Kusema kocha hafai si kuiacha timu. Ila ulichofanya wewe ni kumtukana kocha Jumatano na kuvaa bluu Jumamosi. Ndiyo maana silali.

Nirudi kwenye mechi ya Kentucky, tarehe 21 Disemba. Niliona bluu nyingi sana ndani ya uwanja wetu usiku ule, watu wamepanda magari kutoka Lexington kuja kutushangilia tunavyofungwa. Ilikuwa 95 kwa 76. Kabla mechi haijaisha nikawaona vijana watano wanatoka, na wewe ukiwa katikati yao. Mlipita mbele ya kaunta yangu. Nilikuwa na aproni na ile kofia. Nilianza kuinua mkono. Labda hukuniona. Nimejiambia hivyo tangu Disemba, na sikuuliza, na leo pia siulizi. Lakini nilipoiona picha ya bluu, nilikumbuka mgongo wako ukielekea mlangoni.

Kuna mzee mmoja mwenye kofia nyekundu, nimekutajia habari zake. Amekuwa akiifuata timu tangu inacheza kwenye uwanja wa zamani, Freedom Hall, wakati wa kocha Denny Crum. Zamani alikuwa akinunua bisi boksi mbili, sasa hivi ananunua moja, mke wake alifariki. Msimu huu wote hakukosa. Nilimuuliza mbona anakuja kwenye baridi ile kuangalia timu inafungwa na Chattanooga na Arkansas State, vyuo ambavyo zamani tulikuwa tunavifunga bila jasho. Akasema wale watoto wamefanya mazoezi wiki nzima. Basi, akachukua bisi zake. Alinieleza pia kwamba mwaka mmoja tu baada ya ubingwa wa 1986, kocha Crum huyu huyu, ambaye leo kila mtu anamtaja kama nabii, alishindwa hata kuiingiza timu kwenye mashindano ya taifa ya vyuo. Watu walinung'unika. Akaendelea mpaka 2001, miaka 30 kwa jumla.

Sasa tazama haya ya wiki hizi mbili. North Carolina State waliotutoa sisi walifika kwenye mashindano ya kombe la ligi yetu wakiwa wamepoteza mechi nne mfululizo, na mashabiki wao wanataka kocha Kevin Keatts aondoke. Akatufunga sisi Jumanne, akamfunga huyu, akamfunga yule, mechi tano kwa siku tano, akachukua kombe. Ijumaa wanacheza tena, wako kwenye 16 bora ya nchi nzima. Wale waliokuwa wameshachoma jezi zao wanajisikiaje leo? Na huko unakokwenda, Alhamisi Kentucky wametolewa na Oakland, chuo ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, kijana mmoja anaitwa Jack Gohlke akawafunga vikapu 10 vya pointi tatu. Nasikia Lexington nzima sasa wanamtaka kocha wao Calipari aondoke, mtu aliyewaletea ubingwa wa 2012. Kwa hiyo umevaa bluu ili uikimbie huzuni, nayo huzuni imekutangulia. Utaivua na hiyo? Utavaa ya nani?

Hilo ndilo naliogopa, mwanangu. Ukishazoea kuvua kitu kwa sababu kimeshindwa, mkono unazoea. Leo jezi. Kesho utakuwa na wenzako wa dawa na makoti meupe, watakuuliza mama anafanya kazi gani, watakuuliza lugha unayoongea kwenye simu ni ipi. Sisi tumehama mara ngapi, hayo unayajua na sitayarudia hapa. Tulihama kwa sababu ya bunduki. Hakuna tulichokiacha kwa kuwa kimetutia aibu.

Asubuhi hizi yule ndege mwekundu anakuja tena kwenye uzio, kadinali mwenyewe, yule wa nembo ya timu yetu. Baba yako anamwekea punje za mtama. Nilidhani ndege wote wa huku wanakwenda kusini wakati wa theluji, kumbe huyu hahami, Januari yote alikuwa hapa hapa kwenye ule mti usio na jani. Mdogo wako anasema ndiye ndege wa jimbo zima la Kentucky, kwa hiyo hata huko Lexington utamwona.

Redio ya gari haina habari nyingine ila kocha mpya. Walimtaja kocha Dusty May asubuhi na jioni, yeye ameamua kwenda Michigan. Jana mtu mmoja akapiga simu redioni karibu kulia, anasema hakuna anayeitaka kazi yetu tena. Na dirisha la usajili limefunguliwa, wachezaji wenyewe wanaondoka mmoja mmoja. Siwalaumu wale, ni vijana wanatafuta maisha, tena siku hizi wanalipwa. Wao ni wapangaji, na ada zao zinalipwa na kipaji chao. Wewe si mpangaji. Wewe uliikuta timu hii ukiwa na miaka 12, hujui Kiingereza, na ndiyo iliyokupa cha kuongea na watoto wa darasa lako.

Na mimi nisijifanye nimesimama imara siku zote. Januari niliomba kubadilishiwa zamu. Nilisema ni mgongo. Mgongo ulikuwa unauma, ni kweli, lakini pia pesa za wateja zilipungua na sikutaka kuwaona wale watoto wakitoka vichwa chini. Wiki tatu nilifua taulo kwenye hoteli. Usiku waliposhinda kule Miami, 80 kwa 71, nilikuwa chumba cha mashine, nikasikia kwa mwenzangu. Nikajuta. Februari nikarudi kwenye kaunta.

Nilipokuwa natafuta yale mashuka nimefungua boksi la juu la kabati, nikakuta viatu vyako vya kuchezea mpira vya darasa la kumi. Vilikuwa nyuma ya mablanketi, ndani ya mfuko mweusi, mahali ambapo wewe usingeviweka. Mwaka ule alama za hesabu zilikuwa zimeshuka. Kocha wa shule alipiga simu mara mbili na baba yako alikuwa kazini. Nilidhani nafanya vizuri, na leo umekubaliwa kusomea ufamasia, kwa hiyo labda. Sijui. Soli bado nzima. Mdogo wako amevijaribu, vinamtosha akivaa soksi mbili, na amesema anataka kujiunga na timu ya shule. Nimesaini fomu yake.

Mambo ya nyumbani sasa. Fomu za kodi lazima ziwe tayari kabla ya tarehe 15 Aprili, na baba yako hazielewi zile za kazi mbili. Karatasi zote ziko kwenye bahasha ya kahawia chini ya televisheni. Njoo Jumamosi, Pasaka ni Jumapili, ulale hapa. Bima ya gari imepanda tena, nataka usome barua yao uniambie ni kweli au wananidanganya. Sombe ipo, na ndagala zimefika kutoka Kigoma kwa yule mama wa kanisani, nimekuwekea nusu kilo. Vile vibakuli vyangu vinne vyenye mifuniko uvirudishe, usiniletee viwili. Dawa yangu ya presha wamenibadilishia, kidonge kimekuwa cha njano. Ukija utaisoma karatasi yake, maana daktari alieleza haraka.

Jezi yako nyekundu nimeifua. Ile sehemu ya begani iliyokuwa imefumuka nimeishona. Sitaiweka kwenye begi lako kwa siri, utaikuta juu ya kiti, na Agosti utaondoka nayo au utaiacha, mikono ni yako. Ya bluu ukiivaa mbele yangu sitakufukuza. Nitanyamaza tu, na unajua nikinyamaza inakuwaje.

Jambo la mwisho. Msimu unaanza tena Novemba, kocha awe nani. Uwanja ule unaingiza watu zaidi ya 22,000, nami tangu nianze kazi mle sijawahi kukaa kwenye kiti hata kimoja. Sijui mchezo unaonekanaje kutoka kule juu. Ukipata nafasi ya kuja kutoka Lexington kwa mechi ya kwanza, niambie mwezi mmoja kabla, niombe mapumziko, ninunue tiketi mbili. Usiniambie wiki ile ile, ratiba ya zamu inatoka mapema.

Mama yako