Kabla ya kupanda Kitulo, ulizeni kuhusu sikoseli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya sikoseli, au selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi ni mzaliwa wa Makete, naendesha Coaster kutokea Uyole, na kila msimu wa maua napandisha wageni Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo juu milimani.

Februari iliyopita nilipakia vijana 23 kule Matema. Mwandaaji alikuwa anabana gharama: asubuhi tuko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita kama 475 kutoka usawa wa bahari, jioni tunasimika mahema Kitulo, mita 2,600. Kulala Mbeya njiani, hakuna. Kufika saa tatu usiku vichwa vinawagonga na wali umebaki kwenye masufuria. Sikujali, maana hilo nimelizoea: mgeni hukesha usiku wa kwanza, baada ya siku moja au mbili anakuwa sawa.

Lakini binti mmoja alikuwa analia mifupa. Mapaja, mgongo, kifua. Wenzake wakamrundikia mablanketi wakisema ni baridi. Mpishi akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu (huku kwetu hilo halikosi msemaji). Saa sita usiku ndipo kaka yake aliponivuta pembeni: "Mjomba, ana sikoseli. Alinikataza nisiseme, aliogopa mngemwacha."

Niligeuza gari. Anayezijua kona za Hamsini na Saba, kutoka Matamba kushuka Chimala, anajua maana ya kuzishuka usiku wa mvua huku mgonjwa akipiga kelele kila gurudumu likiingia shimoni. Hospitali walimwekea oksijeni na dripu. Alfajiri akapata usingizi.

Daktari alinieleza tukiwa tumesimama mlangoni. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 ile ile ya Dar es Salaam, ila Kitulo mgandamizo wake umepungua karibu robo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Mwenye afya anafidia kwa kuhema haraka na moyo kwenda mbio, na akikaa wiki kadhaa mwili unaongeza chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana sisi wa Makete hatuna habari. Kinachotusumbua ni maharage kuchelewa kuiva, kwa kuwa maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo zikikosa oksijeni zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi na upungufu wa maji mwilini vinazidisha. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akipanda juu sana, ingawa si mara nyingi.

Tumezoea kudhani ugonjwa wa milimani ni wa wazungu wanaopanda Kilimanjaro. Ni kweli kule kwenye mlima wa mita 5,895 wapo wanaojaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na dawa ya kwanza ni kushushwa upesi. Lakini kichwa kuuma na kichefuchefu huanza mtu akivuka mita 2,500 hivi, na Kitulo tumeshavuka.

Ombi langu kwa waandaaji: wageni walale kwanza Mbeya mjini, mita 1,700, hata usiku mmoja. Na kila mmoja aulizwe faraghani kabla hajalipa nauli, si mbele ya wenzake garini, ili mwenye sikoseli amwone kwanza daktari wake. Yule binti angeulizwa hivyo, naamini angesema.

Wiki hii nimepigiwa simu kuhusu safari ya Desemba. Nilipouliza kama wageni wameulizwa afya zao, nikajibiwa: "Dereva, wewe endesha gari."

Dereva wa Coaster,
Uyole, Mbeya