Sabonis hakuanzia Portland

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako wa dawati la michezo.

Nimesoma ile makala yenu ya masenta wa Ulaya, wale warefu wanaocheza karibu na kikapu, waliocheza NBA, ligi ya basketi ya Marekani, nimeisoma mara mbili maana nilidhani nimeruka aya, kumbe wapi, Arvydas Sabonis kapewa mistari miwili tu, kwamba alifika timu ya Portland 1995 akiwa mtu mzima, mzito, miguu mibovu, basi imeisha hiyo. Si uongo, lakini jamani huyo mliyemwandika ni Sabonis wa mwisho mwisho, yule wa mwanzo mmemwacha hukohuko Kaunas, mji wa kwao Lithuania.

Mimi nafundisha watoto basketi jioni, na nina senta mmoja wa miaka 15 ambaye kila akipata mpira anainamisha kichwa anadunda mpaka ananyang'anywa. Siku moja nikamwekea kwenye simu video ya Sabonis akiwa Žalgiris, klabu ya Kaunas, miaka ya 80, mtu ana mita 2.21 lakini anadaka ribaundi, mpira uliokosa kikapu, na hata hajatua sawasawa mpira ushatoka mkononi, ushamkuta mwenzake yuko peke yake kule mbele. Dogo akaniambia, "Kocha, huyu si senta bwana." Nikamwambia ni senta, rudia tena uangalie macho yake yako wapi kabla mpira haujafika mkononi.

Huyo ndo alichukua ubingwa wa Sovieti mara tatu mfululizo, 1985 hadi 1987, tena mbele ya CSKA ya Moscow, timu ya jeshi la Sovieti, na kwa watu wa Lithuania, waliokuwa chini ya Sovieti wakati huo, ile haikuwa mechi ya mpira tu. Portland walimchagua kwenye drafti ya 1986, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, namba 24 lakini wakubwa wa Sovieti hawakumwachia, na mwaka huohuo kano ya kisigino ikakatika, akarudi uwanjani, 1987 ikakatika tena. 1988 wakamruhusu aende Portland kutibiwa tu, na miezi michache baadaye wakampeleka Olimpiki ya Seoul, akakutana na Marekani ya David Robinson nusu fainali wakaipiga 82-76, kisha Yugoslavia fainali, dhahabu. Mimi mpaka leo naumia nikiiangalia ile mechi, naamini hakutakiwa awe uwanjani kabisa, ule mguu ulihitaji mwaka mzima wa kupumzika na hakuna aliyempa huo mwaka.

Halafu akaenda Hispania, Valladolid kwanza, kisha Real Madrid na kombe la Ulaya la 1995, na hapo katikati kuna Barcelona 1992, shaba akiwa na Lithuania yake iliyo huru, wakiifunga 82-78 timu ya waliokuwa wenzake wa Sovieti. Hiyo shaba mngeiandikia ukurasa mzima nisingelalamika.

Sasa ndo inakuja hiyo 1995 yenu. Inasimuliwa kwamba daktari wa timu alipoona picha za eksirei za miguu yake alisema kwa picha hizo tu mtu huyu anastahili kupewa kibali cha kupaki gari sehemu ya walemavu. Mtu wa miguu hiyo, anakaribia miaka 31, msimu wake wa kwanza akaweka wastani wa pointi 14.5 na ribaundi 8.1 kwa dakika ambazo hazifiki 24 kila mechi, na wenzake wakijua wakikatiza tu kwenda kikapuni mpira utawafuata. Alikuwa hawezi kuruka tena lakini aliona uwanja wote.

Na msimu wa 2003-04 akarudi Žalgiris, akiwa na miaka 39 akatajwa mchezaji bora wa msimu wa kawaida wa Euroleague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, hilo nalo halimo kwenye makala yenu hata kwa neno moja.

Ombi langu ni dogo, mkirudia hiyo makala muanze na Kaunas, na kama kuna nafasi ya picha wekeni ya kijana mwembamba wa Žalgiris, ile ya Portland kila mtu anayo.

Kocha wa watoto, msomaji wenu wa kila wiki