Jumamosi: Greyfriars
Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tukutane saa nne kamili asubuhi kwenye geti la kanisa la Greyfriars, Edinburgh. Wengi huenda pale kwa ajili ya yule mbwa Bobby, anayesimuliwa kulinda kaburi la bwana wake miaka mingi. Mimi nawapeleka kuona jengo lenyewe. Lilifunguliwa 1620, na 1638 Agano la Taifa, kiapo cha Waskoti kulinda kanisa lao dhidi ya mfalme kuliingilia, likatiwa saini hapo. Baadaye askari wa Cromwell, jenerali wa Uingereza, wakaligeuza kambi. Kisha wakubwa wa mji wakahifadhi baruti mnarani, jamani! Ikalipuka 1718, upande wa magharibi ukabomoka. Wakajenga kanisa la pili hapo hapo, ukuta katikati, sharika mbili zikaabudu mgongo kwa mgongo hadi zilipoungana 1929.

Makaburini mtaona vizimba vya chuma: vya kuzuia wezi wa maiti. Njooni na makoti ya mvua.